Chipu za hotiswapu: ipi ununue ili mosfeti isiungue

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji yanafanana mno. Mtu kanunua chipu ya hotiswapu, ile inayodhibiti mkondo bodi inapochomekwa kwenye umeme ulio hai, kaifunga kama datashiti inavyoelekeza, bodi ikafanya kazi vizuri kwa muda, kisha siku moja kaichomeka kwenye raki yenye umeme na mosfeti, ile transista inayofanya kazi ya swichi ya umeme, ikafa. Akipima kati ya dreni na sosi, miguu yake miwili ya kupitishia mkondo, anakuta shoti. Anailaumu chipu, anaagiza nyingine, na mosfeti mpya nayo inaungua.

Volti, idadi ya pini na ukubwa wa kifurushi nitaviruka. Muuzaji yeyote atakutajia hivyo bila hata kuulizwa. Mimi nataka kujua jambo moja: chipu hii inailinda vipi mosfeti katika zile milisekunde chache za kuwasha?

Unapochomeka bodi kwenye umeme ulio hai, kapasita zake tupu zinavuta mkondo mkubwa kwa ghafla. Chipu inalibana geti la mosfeti, mguu wake wa kuiendesha, ili mkondo upite kwa kiasi. Katika muda huo mosfeti haijafunguka wala haijafungika: ina volti nyingi na inapitisha mkondo kwa wakati mmoja, na vyote viwili vinageuka kuwa joto ndani yake. Kapasita za maikrofaradi 1000 kwenye volti 48 zinahifadhi takriban juli 1.15, na mosfeti inapata joto la kiasi hichohicho, uzijaze haraka au polepole. Na hapo bodi ni nzima. Ikiwa na shoti, chipu yenye kikomo cha ampea 10 pekee itaiacha mosfeti ibebe wati 480 mpaka kipima muda cha chipu kiikate.

Mosfeti za kisasa, zile zinazosifiwa kwa ukinzani mdogo, ndizo dhaifu zaidi hapa. Kasehemu kadogo ka silikoni kakipata joto kuliko jirani zake, kizingiti chake, yaani volti ya geti inayoanza kukafungua, kinashuka, kanavuta mkondo zaidi, kanazidi kuchemka, mpaka kanatoboka. Ukifungua iliyoungua hivyo utakuta kidoa kimoja cheusi na silikoni iliyobaki haina hata mkwaruzo. Kufunga mbili sambamba hakukuokoi. Zinagawana mkondo vizuri zikishafunguka kabisa, lakini wakati wa kuwasha ile yenye kizingiti cha chini hubeba karibu mzigo wote peke yake.

Kwa sababu hiyo namba moja yangu ni LTC4282, na sifichi kwamba naipendelea familia ya LTC. Ilikuwa ya Linear Technology mpaka Analog Devices walipoinunua kampuni hiyo mwaka 2017, na datashiti zake bado zimeandikwa na watu wanaojua bodi huharibikia wapi. LTC4282 inafanya kazi kati ya volti 2.9 na 33, na ina njia mbili, kila moja na geti lake na kikomo chake cha mkondo. Mosfeti mbili zinagawana mzigo kweli hata wakati wa kuwasha. Shoti ikitokea, inapunguza kikomo cha mkondo kadiri volti ya kutolea inavyoporomoka. Inapima mkondo na nishati, na kumbukumbu yake inabaki na mipangilio hata umeme ukikatika. Kwa bodi za volti 12 au 24 zenye mkondo mkubwa sioni sababu ya kutafuta kwingine. Bei yake iko juu, naam. Jumlisha gharama ya mosfeti zilizoungua na bodi zilizorudishwa, kisha uilinganishe.

Kwenye volti 48 nachukua LM5069 ya Texas Instruments, au LM5066I kama unahitaji taarifa kupitia PMBus, njia ya kidijitali ya kuwasiliana na vifaa vya umeme. Uzuri wao ni kikomo cha wati: unachagua, tuseme, wati 60, na chipu inahakikisha mosfeti haizidi hapo. Tatizo linajitokeza mkondo ukiwa mkubwa. LM5069 hukata kwenye milivolti 55 za rezista ya kupimia, kwa hiyo ampea 20 zinataka rezista ya miliomu 2.75. Sasa wati 60 kwenye volti 48 ni ampea 1.25, yaani milivolti 3.4 tu juu ya rezista hiyo. Kwa ishara ndogo namna hiyo chipu inakosea sana, na zile wati 60 zako zinaweza kuwa nyingi zaidi bila wewe kujua. Kwa ampea chache, inunue kwa amani. Kwa nyingi, piga hesabu hii kwanza.

ADM1278 ni ya tatu, kwa seva za volti 12. Ni nzuri, na watu wa programu wanaipenda kwa kuwa Linux ina draiva yake tayari.

Za bei nafuu zenye mosfeti ndani, kama TPS2595, zinafaa bodi ndogo za ampea chache. Zinajizima zikichemka. Basi.

Sasa wauzaji. Unaagiza LM5069 yenye kiambishi -1, inayojifunga na kubaki imefungwa baada ya hitilafu, unaletewa -2, inayojaribu kuwasha tena na tena. Ukilalamika unaambiwa ni kitu kilekile. Hapana! Bodi yenye shoti ikifungwa -2 itakuwa inaichemsha mosfeti ileile kila mzunguko mpaka mtu aje kuchomoa.

Kinachonikera zaidi ni mosfeti mbadala. Uliyochagua imeisha, muuzaji anakubadilishia nyingine ya volti zilezile na ukinzani mdogo zaidi, na anakutoza ziada kwa kuwa eti umepata bora. Grafu ya eneo salama la kazi, inayoonyesha mosfeti inavumilia ampea ngapi kwa volti ngapi na kwa muda gani, hajaifungua. Ilinganishe wewe kabla ya kulipa: tafuta mstari wa milisekunde 10, au ule unaokaribia kipima muda chako, usome ampea kwenye volti zako, kisha upunguze zaidi, maana grafu nyingi zimechorwa kwa joto la nyuzi 25 na bodi yako haiko hapo. Infineon wana OptiMOS Linear FET na Nexperia wana ASFET za hotiswapu, zilizotengenezwa kwa kazi hii hasa. Muuzaji asiyekuwa nazo aseme hana, na namba kamili ya kila kifaa, pamoja na kiambishi, iandikwe kwenye ankara kabla hujatoa pesa.