Taa za maua ya ndani, Bukavu: ununue ipi, na uitundike umbali gani

Kabla hujashuka Nyawera au kupanda Kadutu kuuliza bei, chukua utepe wa kupimia uende kwenye rafu yako ya maua. Pima kutoka ncha ya ua lililo refu kuliko yote hadi pale unapoweza kupiga msumari juu yake. Namba hiyo ndiyo inayochagua taa, si wati zilizoandikwa kwenye boksi. Mimi nilianza kinyume: nilinunua paneli kubwa, nikaifunga sentimita 20 juu ya violeti za mama mkwe kule Nguba. Wiki mbili baadaye majani yalikuwa meupe kama karatasi, naye akaninunia hadi Pasaka.

Utaniuliza, taa ya maua ya nini na jua lipo? Lipo, ila kwetu mvua huanza Septemba ikaisha Mei, na siku nyingi mawingu hayaachi mlima. Tena nyumba zetu zimejengwa mtelemkoni: chumba cha nyuma kimechimbwa ndani ya udongo, na dirisha lake moja linatazama ukuta wa jirani. Hatua mbili tu kutoka dirishani mwanga umeshapungua sana. Jicho hujirekebisha, halisikii tofauti. Ua halina namna hiyo. Linarefusha shingo, linaota majani, na kuchanua linakataa.

Jambo moja la kushika: kwa taa ndogo kama ampuli (balbu), ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unaofika kwenye jani hubaki robo tu. Neoni ndefu, ile taa ya mrija, haina ukali huo. Mwanga wake hupungua polepole zaidi kwa sababu unatoka kwenye mstari mrefu, si nukta moja. Ndiyo maana nimezipanga taa za kununua kwa kuangalia ipi inayokusamehe ukikosea kidogo kuitundika.

Ya kwanza kwangu, bila kusita, ni neoni za LED, zile nyeupe za kawaida zinazofungwa dukani na darasani. Ya sentimita 120 hula wati kama 18. Funga mbili sambamba juu ya rafu, sentimita 20 hadi 25 kutoka ncha za maua, nawe umemaliza kazi ya violeti, begonia na okidi za chumbani. Mwanga mweupe una nyekundu na buluu ndani yake, rangi ambazo mmea unazihitaji zaidi, na unakuruhusu kuona ugonjwa kwenye jani mapema. Zikiungua, unapata nyingine siku hiyohiyo, usisubiri mzigo kutoka mbali. Zitundike kwa mnyororo mwembamba, si kwa misumari: mmea ukikua unapandisha pete mbili, basi. Kumbuka pia kwamba katikati ya neoni pana mwanga kuliko miishoni. Jeraniamu, inayopenda mwanga mkali, ikae katikati. Violeti zijipange pembeni. Kama una fremu ya neoni ya zamani, usichomeke ya LED hivihivi. Mwite fundi umeme aangalie nyaya za ndani kwanza, maana si zote zinakubaliana.

Ya pili ni ampuli ya LED ya wati 12 hadi 15 ndani ya kofia ya bati au taa ya mezani. Ni rahisi kuliko zote kuanza nayo, lakini inatosha vyungu viwili, visivyozidi. Iweke sentimita 20 hadi 30, iangalie chini moja kwa moja. Ukiiweka ubavuni, ua litainama kuifuata kama mtu anayesikiliza umbea. Hapo ugeuze chungu robo mzunguko kila unapomwagilia. Kofia ni ya lazima. Bila kofia unaangazia dari.

Paneli ya LED naiweka ya tatu, na si kwa ubaya wake. Kwa mwenye barza iliyofungwa na vyungu ishirini, inayokula wati 100 za kweli ni chombo kizuri, ila inataka sentimita 45 hadi 60 ya nafasi, na rafu nyingi za nyumbani hazina. Hapa pia ndipo pana udanganyifu mwingi. Boksi linasema 1000, ukisoma maandishi madogo nyuma unakuta inakula mia moja hivi. Ishike mkononi: paneli ya maana ni nzito, ina bati nene la alumini mgongoni la kutoa joto. Nyepesi kama sahani ya plastiki, irudishe. Na ufanye hesabu: wati 100 kwa saa 12 ni yuniti (kilowati-saa) 1.2 kila siku, wakati neoni zako mbili hazifiki nusu ya hapo.

Vile vitaa vya zambarau vyenye kibanio na shingo ya kupinda ni vya nne. Ni dhaifu, vinataka sentimita 10 hadi 15 tu, na sebule inakuwa kama baa. Faida yake moja ni kubwa kwetu: vinakubali powabanki, delestaji (mgao wa umeme) ikija violeti yako moja inaendelea na siku yake.

Ampuli ya kizamani ya waya wa moto usinunue hata kwa bure. Karibu nguvu yake yote ni joto. Ukiisogeza karibu inachoma, ukiisogeza mbali haina kitu.

Ukishafunga, weka mgongo wa mkono pale majani yalipo kwa nusu dakika. Ukisikia joto, pandisha taa. Baada ya hapo acha majani yaseme. Yakisimama wima na kurefuka, shusha taa sentimita tano. Yakijikunja katikati na kufifia rangi, ipandishe. Ukuta wa nyuma upake chokaa nyeupe, unarudisha mwanga mwingi bila gharama.

Saa 12 hadi 14 kwa siku zinatosha. Umeme wa bwawa la Ruzizi ukikatika siku mbili, usiwashe usiku kucha kufidia. Mmea unahitaji giza lake. Kalankoe na poinsetia ndiyo zaidi: huchanua zikipata usiku mrefu, kama saa 14 za giza kwa wiki sita hadi kumi, na kwetu usiku ni saa 12 mwaka mzima. Ukitaka poinsetia nyekundu Noeli, tangu Oktoba ifunike boksi jioni, uiweke mbali na taa ya sebule.

Umeme unaporudi, usiziwashe papo hapo. Ule mshtuko wa kwanza ndio unaoua LED nyingi mjini hapa, kwa hiyo chomoa unapokatika, na ukirudi subiri dakika tano, ndipo uchomeke. Na waya uufunge uning'inie chini ya priza kwanza kabla ya kupanda, ili maji ya kunyunyizia yakiteleza juu yake yadondoke sakafuni, yasiingie ukutani.