Dawa ya kutibu maji: soma tarehe kabla ya kuuliza bei

Kila masika lalamiko ni lile lile, kuanzia Uyole hadi Makete: dawa imewekwa kwenye ndoo, na watoto bado wanaharisha. Mara nyingi dawa yenyewe ilishakufa ikiwa dukani. Klorini ya majimaji, ile dawa ya chupa, haidumu. Joto na mwanga huigeuza polepole kuwa chumvi na kloreti, ambazo haziui vijidudu. Chupa imejaa, lebo inang'aa, nguvu hakuna. Kwa hiyo geuza chupa utafute tarehe ya kutengenezwa, usiridhike na ya kuisha muda. Ikishapita miezi sita, iache. Iliyopangwa dirishani juani, iache hata kama ni ya mwezi jana.

1. Aquatabs, vidonge vya klorini vya miligramu 67. Sifichi, hii ndiyo naipenda. Kila kidonge kimefungwa peke yake kwenye karatasi ya bati, hakioni mwanga wala unyevu. Kimoja kinatosha lita 20 za maji maangavu: hutoa takriban miligramu 40 za klorini, yaani 2 kwa kila lita. Papasa kila kijumba kabla ya kulipa. Kidonge kilichovimba au kuwa unga kimeshaingia hewa. Subiri dakika 30. Juni na Julai, maji ya Njombe yakiwa kama barafu, subiri saa nzima, maana baridi huichelewesha klorini. Maji ya tope yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi, kisha weka vidonge viwili. Kidonge hakimezwi, jamani.

2. HTH, yaani klorini ya unga. Una klorini asilimia 65 hadi 70, unafaa shule na matangi. Koroga gramu 15 kwenye lita moja ya maji, katika chombo cha plastiki, uache utuame. Mililita 4 za maji ya juu zinatosha ndoo ya lita 20. Usiuweke karibu na mafuta ya taa wala ya breki: unaweza kuwaka wenyewe.

3. Dawa ya chupa. Kwa familia inayoimaliza ndani ya mwezi.

4. Jiki, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Dharura tu, isiyo na manukato. Ya asilimia 3.5, mililita moja kwa lita 20. Ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na hiyo inaunguza mapafu.

Sasa wauzaji. Wapo wanaochota HTH kwenye ndoo iliyo wazi na kuifunga kwenye nailoni: haina jina, asilimia wala tarehe. Utapimaje gramu 15 za kitu kama hicho? Tetesi za kipindupindu zikianza, vidonge vya jana vinapanda bei leo. Halafu unaambiwa dawa "inaondoa kila kitu", hata floraidi inayotia meno madoa. Uongo. Klorini haiigusi floraidi, na kuchemsha huizidishia ukali kwa sababu maji hupungua, floraidi ikibaki. Maji yakizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, tafuta chujio la mkaa wa mifupa, kama yale ya Arusha.