Tulilipia mechi nzima, robo ya kwanza tukaisikilizia nje

Kabla sijasema lolote kuhusu mpira uliochezwa, nianze na milango. Ukumbi ule una milango kila upande, na siku ya ufunguzi wa msimu wa timu ya kikapu ya wanawake ya chuo kikuu cha hapa kwetu walifungua miwili.

Miwili! Mume wangu alikuwa pale pale siku chache kabla, kwenye ufunguzi wa timu ya wanaume, na alirudi akinisimulia jinsi kila upande ulivyokuwa wazi, wafanyakazi wamejipanga, unaonyesha simu, mashine inalia, unapita. Sisi tulikuta foleni imetoka mlangoni, imekata kona ya jengo, imeingia mpaka kwenye maegesho ya magari. Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba, na huku kwetu katikati ya Marekani upepo wa Novemba hauna huruma hata mchana. Foleni ilijaa watoto. Timu nzima nzima za wasichana wa shule pamoja na makocha wao, jezi zimevaliwa juu ya masweta. Wazee pia, wengine na fimbo zao.

Tulikuwa watatu: mimi, binti yangu anayecheza kikapu shuleni kwake, na jirani yetu, mama wa makamo kutoka Bukavu. Jirani ndiye aliyenifanya ninunue tiketi mapema. Kwenye timu ya mwaka huu kuna msichana mpya, yuko mwaka wa kwanza, amekulia mtaani kwetu. Wazazi wake ni Warundi waliofika hapa wakitokea kambini Tanzania. Jirani yangu ndiye aliyekuwa akimsuka nywele tangu yuko shule ya msingi, Jumamosi kwa Jumamosi, na huyo mama hakuwa amewahi kuingia kwenye mechi ya kikapu maishani mwake. Siku hiyo alivaa kitenge cha sherehe na koti juu yake. Binti yangu naye hajalala vizuri wiki nzima. Ukutani kwake amebandika picha ya Bella Murekatete, Mnyarwanda aliyekuwa na chuo kikuu cha Washington State walipotwaa ubingwa wa Pac-12, mashindano ya vyuo vya magharibi mwa Marekani, mwaka 2023, na sasa alikuwa anakwenda kumwona msichana wa mtaa wake mwenyewe akivaa jezi ya chuo kikuu.

Foleni haisogei. Jirani akanivuta mkono: "Dada, bale batu banatuacha inje juu ya nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nikamwacha binti ashike nafasi, nikaenda mbele kuuliza.

Nilimkuta mwanamume mwenye kizibao cha wahudumu, ameegemea mlango uliofungwa, simu mkononi. Nilimsalimu. Nikamuuliza, kwa adabu niliyofundishwa na wazazi wangu, kama inawezekana kufungua na huo mlango aliouegemea, maana mechi ilikuwa inakaribia kuanza na kuna watoto wadogo kwenye baridi. Hakuinua macho. Akasema hii ni mechi ya wanawake, hawakutegemea watu, na anayetaka kuwahi aje mapema. Nikamwambia tumekuja mapema, tumesimama pale muda mrefu. Hapo ndipo aliponitazama, kuanzia viatu kwenda juu, akasema: "Basi bibie, rudi kwenye foleni." Akarudi kwenye simu yake.

Nimeandika maneno yake kama yalivyokuwa, kwa sababu yamenikaa kifuani mpaka leo. Hakuna aliyekuwa anamsumbua, hakuwa na kazi iliyomzidi. Alikuwa ameulalia mlango ambao ungetuingiza wote.

Nimekulia Dar es Salaam. Nimekwenda sana pale Don Bosco Upanga kuwatazama wanawake wa JKT Stars na Don Bosco Lioness, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kwa kuwa wanaocheza ni wanawake, basi mimi mtazamaji nisubiri nje. Nimekuja kuambiwa hivyo kwenye nchi yenye sheria ya mwaka 1972, ile ya Title IX, inayokataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa jinsia yake. Nimeambiwa hivyo na tiketi nimelipia.

Hawakutegemea watu? Aprili 2024, chuo cha South Carolina walipowafunga wenzao wa Iowa 87-75 kwenye fainali ya taifa ya vyuo ya wanawake kule Cleveland, Wamarekani milioni 18.9 kwa wastani walikuwa mbele ya televisheni zao. Kesho yake wanaume wa UConn na Purdue walicheza fainali yao, wakapata milioni 14.8. Oktoba 2023, Iowa waliipeleka mechi ya kirafiki ya wanawake dhidi ya DePaul nje, kwenye uwanja wao mkubwa wa futiboli ya Kimarekani, na watu 55,646 wakaingia. Wote hao walipata mlango wa kupitia. Sisi tuliokuwa kwenye ile foleni hatukufika hata robo ya robo ya hao, na tiketi zenyewe zinauzwa kwa kompyuta, kwa hiyo ofisi ilijua siku nyingi kabla ni watu wangapi wanakuja. Anayeuza tiketi halafu akasema hakutegemea watu, huyo hasemi kweli.

Basi tukasikia bendi ya matarumbeta inaanza. Tukasikia mtangazaji anaita majina ya wachezaji, mmoja mmoja, na umati uliobahatika kuwa ndani unaitikia. Mashine moja kati ya zile za kusomea tiketi ikagoma, mlango mmoja ukasimama kabisa. Bado tulikuwa mbali. Muda ukaenda. Halafu likalipuka shangwe moja kubwa, ukuta mzima wa jengo ukatetemeka, na binti yangu akaitazama simu yake ambako alikuwa anafuatilia matokeo.

"Mama, ni yeye. Pointi tatu."

Pointi zake za kwanza kabisa chuoni. Jirani yangu alikuwa anausoma uso wa mwanangu. "Ni yeye?" Tukamwambia ni yeye. Yule mama akapiga kigelegele pale pale kwenye lami, kirefu, cha arusini, na nusu ya foleni ikageuka na kuanza kumpigia makofi. Mikono aliyokuwa amemsukia huyo mtoto ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi. Sijui kama mnaelewa nilivyojisikia wakati ule. Ningekuwa mtu wa matusi ningetukana.

Wanaojua kikapu cha vyuo wanajua robo ya kwanza ina uzito gani kwenye mechi ya ufunguzi. Vyuo vikubwa hupenda kuanza msimu kwa kukaribisha chuo kidogo, mara nyingi kwa kukilipa kije. Wageni wanafika na miguu yenye nguvu, wanakaba uwanja mzima, wanathubutu, na kwa dakika chache huwezi kujua mkubwa ni nani. Baadaye benchi refu la wenyeji linaanza kuwachosha na tofauti ya pointi inatanuka. Kwa hiyo mapigano ya kweli, mara nyingi, yako pale mwanzoni. Na wanawake wa vyuo wanacheza robo nne za dakika 10 tangu msimu wa 2015-16, hawachezi vipindi viwili vya dakika 20 kama wanaume. Tulipopita mlangoni hatimaye, robo yote ya kwanza ilikuwa imekwisha. Yote. Ubao ulikuwa unaonyesha wenyeji wako mbele kwa pointi nne tu, maana yake tulikosa kitu kizuri sana.

Ndani sina mengi ya kulalamikia. Kibanda cha chakula kilichofunguliwa upande wetu kilikuwa kimoja, bisi baridi. Viti vya juu vimefunikwa mapazia meusi. Nilikaa nimekunja mikono, nimeshaamua kwamba sitarudi na kwamba nitamwambia kila ninayemjua asiende.

Halafu wakacheza.

Jamani, wale wasichana wanacheza mpira! Sijui nianzie wapi. Hakuna aliyekuwa anashikilia mpira kujionyesha. Pasi tano, sita, mpira hautui chini, wa mwisho anaupata akiwa peke yake pembeni na wavu unalia. Senta wao mrefu alikuwa anakuja kumwekea mwenzake kizuizi, anageuka, anapokea, anamaliza, na wageni wanajua kabisa kinachokuja na hawawezi kukizuia. Kwa wageni kulikuwa na mchezeshaji mmoja mfupi, ukimpita njiani utadhani ni mwanafunzi wa sekondari, aliyekataa kushindwa. Wenyeji waliongoza kwa pointi kumi, kwa ishirini, yeye bado anajitupa sakafuni kugombea mpira. Robo ya nne alifunga pointi tatu akiwa anasukumwa na watu wawili, na uwanja mzima, mashabiki wa upande wa pili, tukasimama kumpigia makofi. Sikumbuki mara ya mwisho kuona jambo hilo kwenye mechi yoyote ya wanaume.

Na msichana wetu alirudi uwanjani robo ya pili na ya nne. Tulimwona, nashukuru. Hakufunga tena, lakini alikaba. Binti yangu alinishika goti: "Mama, angalia miguu yake, haipishani." Kweli, alikuwa anateleza upande upande amemkabili mtu wake, mikono juu, hagusi, mpaka yule akalazimika kurudisha mpira nyuma. Jirani yangu alikuwa anauliza kila filimbi ilikuwa ya nini na binti yangu anamweleza: huyu ametembea na mpira, huyu amemshika mwenzake. Kufikia mwisho yule mama alikuwa anamlalamikia mwamuzi kabla yetu.

Katikati ya hayo yote nikaanza kujiambia, labda kosa ni la mtu mmoja mvivu, ukumbi wenyewe hauna neno. Labda niwape nyota nne kati ya tano. Tiketi ni nafuu, unakaa karibu mpaka unasikia kocha anachosema, watoto wanaangalia watu wakubwa wanaofanana nao. Nilikuwa nimekwisha kuamua nyota nne.

Mechi ilipokwisha wachezaji hawakukimbilia vyumbani. Walizunguka kwenye uzio wa viti vya mbele wakisaini jezi, mabango, viatu, mtoto kwa mtoto, hawaruki hata mmoja. Msichana wetu alipofika kwetu alimtambua jirani yangu, akaruka uzio nusu, akamkumbatia huku jasho linamtiririka. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Mama mkubwa, uliona ile tatu yangu?"

Jirani yangu akamwambia: "Nimeona, mwanangu. Nimeona yote."

Alilazimika kumdanganya. Mtu mzima, mwenye kitenge chake cha sherehe, ilibidi amdanganye mtoto aliyemlea kichwa mikononi mwake, ili mtoto asijue kwamba waliompenda walifungiwa nje wakati wa saa yake. Nyota zangu nne zikaishia hapo hapo.

Niliandika kwa uongozi wa ukumbi usiku ule. Nilijibiwa, baada ya siku kadhaa, kwamba wanathamini mapenzi yangu kwa timu na kwamba mpangilio wa wafanyakazi hufuata makadirio ya mahudhurio. Makadirio! Mwaka 2021, kule San Antonio, mchezaji wa chuo cha Oregon anayeitwa Sedona Prince alirekodi video ya chumba cha mazoezi walichopewa wanawake kwenye mashindano ya taifa ya vyuo: rafu moja ya vyuma vya mkononi, wakati wanaume kule Indianapolis wamejaziwa ukumbi mzima. Waandaaji wakasema nafasi ni ndogo. Naye akageuza kamera, akaonyesha nafasi tele iliyokaa tupu. Mwaka uliofuata ndipo wanawake wakaanza kutumia jina la March Madness, jina maarufu la mashindano hayo, ambalo kwa miaka yote lilikuwa la wanaume. Ninachotaka kusema ni kwamba kila mara sababu inayotolewa ni ya kiufundi, nafasi, makadirio, wafanyakazi, na kila mara mtu akigeuza kamera anakuta mlango mzima umefungwa na mtu ameuegemea.

Kwa hiyo niseme nini kwa anayetaka kupeleka watoto wake? Jana nilikuwa nasema msiende, wasipate hela yetu. Leo siwezi kusema hivyo. Tusipokwenda, yule bwana atakuwa amesema kweli kwamba hakuna watu. Na binti yangu, tangu siku ile, kila jioni yuko gereji anateleza upande upande kati ya gari na mashine ya kufulia, mikono juu. Siwezi kumnyima hicho kwa sababu ya hasira yangu. Nendeni. Pelekeni wasichana, na wavulana pia. Vaeni makoti mazito, fikeni saa mbili nzima kabla ya mechi kuanza, zungukeni mpaka upande wa kaskazini ambako foleni ni fupi kidogo. Lakini msiwasamehe. Andikeni, kila mechi, kila mlango uliofungwa, saa ngapi, mpaka wachoke kupokea barua.

Mechi ijayo ni Alhamisi saa moja jioni. Tumenunua tiketi nane, wanawake wa mtaani wote wanakuja, wengine kwa mara ya kwanza. Tutakuwa mlangoni saa kumi na moja, na wakifungua miwili tena, safari hii sirudi kwenye foleni mpaka aje mkubwa wake yule bwana aniambie yeye mwenyewe, mbele ya watoto, kwamba hakututegemea.