22R au 3S: injini ipi iingie kwenye gari kuukuu?

Gerejini kwetu Mwanakwerekwe, Unguja, mabishano hayeshi. Kijana kapata bodi la gari la zamani linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, anataka liende mbio. Aweke injini ya Toyota 22R ya Hilux au 3S-FE ya Noah?

Kwa upatikanaji, 3S. Ila chukua ya Noah SR40, iliyolala kwa urefu wa gari. Ya RAV4 imekaa mkingamo, itakuhangaisha. Na uichukue na kompyuta yake na waya zote, usikubali zikatwe.

Kwa mwendo, 3S ni lita 2 yenye valvu 16, inapanda mizunguko kwa wepesi. 22R ni lita 2.4, valvu 8: inavuta vizuri kutoka chini, juu inachoka.

Kuhusu kutegemewa ndipo ninaposita. Hewa yetu ya chumvi inakula soketi za waya. Nimewahi kuchomoa moja ya sensa, pini zote zimeota ukijani, na gari lilikuwa linazima ovyo. 22R ya kabureta haina hayo.

Lakini nayo isikudanganye kwa kuwa na cheni ya taimingi badala ya mkanda. Vishikio vya plastiki vya cheni vikivunjika, cheni inakwangua kava mpaka maji yanaingia kwenye oili. Ukisikia inagongagonga asubuhi, fungua siku hiyo hiyo. Mkanda wa 3S unabadilishwa kila kilomita 100,000, basi.

Una fundi umeme unayemwamini na unapenda spidi? 3S. Uko Konde, Pemba, unajitengenezea mwenyewe kwa spana na bisibisi? Mimi ningekutafutia 22R.