Miezi mitano na mashine ya wafo: taa yake msiiamini

Kifungua mimba wangu ndiye aliyeleta mambo haya nyumbani. Alikula wafo kwenye hoteli moja ya hapa Nakuru siku rafiki yake alipotimiza miaka kumi, akarudi na hadithi moja tu: mkate wenye vishimo, na kila kishimo kina asali yake. Wiki tatu mfululizo tuliimbiwa wimbo huo. Nikapiga hesabu. Sahani moja pale hotelini ni bei ya trei ya mayai, nasi tuko wanne. Nikaona afadhali mashine yenyewe.

Niliipata kwa shilingi 3,800 katika duka la vyombo vya umeme katikati ya mji. Kampuni siitaji, kwanza kwa sababu nina malalamiko, pili kwa sababu ukizunguka maduka matatu utaikuta mashine hiyo hiyo ina majina matatu. Ni ya wati 750, inapika wafo mbili za mraba kwa mkupuo, sahani zake zimepakwa ile rangi nyeusi ya kuzuia kunata, na ina taa mbili: nyekundu ya kuonyesha stima imeingia, kijani ya kuonyesha imeshika moto. Waya wake ni mfupi wa aibu. Kwangu soketi iko juu ya sinki, kwa hivyo mashine ikikaa mezani waya haufiki, na ikikaa karibu na sinki napika roho mkononi. Ilibidi ninunue ekstensheni, shilingi 600 zaidi ambazo hakuna aliyenitajia dukani.

Siku ya kwanza niliaibika. Kijitabu kinasema ngoja taa ya kijani, mimina, funga, ikiwaka tena fungua. Nikafanya hivyo hivyo. Kufungua, wafo ikapasuka katikati: nusu imeshika juu, nusu imeshika chini, na ndani uji. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu niliikwangua na mwiko huku kitinda mimba akiniuliza kwa sauti ya upole kama hii ndiyo wafo.

Kosa lilikuwa la taa, na langu la kuiamini. Taa inapima joto la sahani, haijui lolote kuhusu rojo lililo ndani. Sahani ikirudi kwenye joto lake taa inawaka, iwe wafo imeiva au haijaiva. Kinachosema kweli ni mvuke. Ukishafunga, maji ya kwenye rojo yanachemka na mvuke unafoka pande zote kama sufuria ya githeri. Acha ufoke. Ukipungua ukawa uzi mwembamba, ngozi imekauka na wafo inajiachilia yenyewe. Kwangu taa huwaka dakika ya tatu, wafo huiva dakika ya tano na ushei. Ukiinua kifuniko ukakisikia kinavuta, kirudishe taratibu, hesabu sekunde thelathini, ujaribu tena. Tangu nianze kuangalia mvuke sijapasua hata moja, ukiondoa zile za pembe ya kulia, na hizo nitazisema.

Sasa vipimo. Nilianza na vya mtandaoni, vijiko vinne vidogo vya beking pauda kwa vikombe viwili vya unga wa ngano. Wafo zilifura kama mandazi, kisha zikalala bapa hata kabla sijazitoa. Nilidhani ni pauda mbovu, nikabadilisha kopo. Wapi! Tatizo ni kwamba Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku inagandamiza kidogo kuliko ya Mombasa, basi gesi ya pauda inapanuka zaidi na upesi zaidi, rojo linapanda kabla halijapata nguvu ya kujishikilia. Nikapunguza hadi vijiko vitatu, zikatulia. Dada yangu aliye Kisumu, kule chini ziwani kwenye mita 1,130 hivi, anaweka vitatu na nusu na zake zinatoka nzuri kuliko zangu, jambo ambalo hajachoka kunikumbusha.

Kwa hivyo mimi naweka vikombe viwili vya unga, vijiko vitatu vidogo vya pauda, chumvi ya kubana kwa vidole, sukari kijiko kimoja kikubwa, mayai mawili, maziwa kikombe kimoja na robo tatu, mafuta ya kupikia nusu kikombe. Najua hayo mafuta yamekushtua. Hata mimi nilijaribu robo, kwa ajili ya afya na kwa ajili ya bei, zikanata na zikatafunika kama mkate wa juzi. Mafuta ndiyo yanayoikaanga ile ngozi ya nje. Sukari nayo usiiongeze, itaungua kwenye vishimo kabla ndani hakujaiva. Utamu wake unawekwa juu.

Ute wa mayai naupiga peke yake, kwa uma mbili nilizozishika pamoja, mpaka povu lisimame. Mkono unauma, sidanganyi, lakini hapo ndipo wepesi unapotoka. Viini, maziwa na mafuta vinaingia kwenye unga kwanza, unakoroga kidogo tu na kuacha vidonge vidonge, kisha ute mwishoni kwa kukunjia polepole. Ukikoroga kama unayesonga ugali, utakula soli ya ndara. Maziwa nanunua kwenye ATM ya maziwa kona ya mtaa wetu. Yakiniishia, natumia mala ya pakiti: napunguza kijiko kimoja cha pauda, natia nusu kijiko kidogo cha beking soda ikutane na ile ukali. Kusema kweli za mala ndizo nizipendazo zaidi, ila watoto wanadai zina uchachu.

Zikitoka usizipange moja juu ya nyingine kwenye sahani. Mvuke wa ya chini unailainisha ya juu, na dakika mbili baadaye zote zimelegea. Mimi nazitandaza juu ya waya wa kuchomea nyama. Asali ni ya Baringo, tuliyonunua barabarani tukitoka Marigat. Asubuhi za baridi huku juu huganda, naiweka chupa ndani ya maji ya moto mpaka iteleze.

Stima haili sana kama nilivyoogopa. Wafo kumi ni nusu saa hivi pamoja na kuwasha, na wati 750 kwa nusu saa haifiki hata nusu ya yuniti. Shida ni stima kutokuwepo. Jumapili moja ilipotea nikiwa na wafo mbili ndani na bakuli zima mezani, povu la ute likianza kushuka. Nilizimimina zilizobaki kwenye kikaango cha chapati juu ya gesi. Zikawa pankeki nzuri tu, lakini kifungua mimba alitazama sahani akauliza vishimo viko wapi. Uchungu wenyewe ni kwamba chombo hiki hakikuzaliwa na waya. Ulaya walipika wafo kwa mabamba mawili ya chuma yenye mikono mirefu, juu ya moto wa kuni, miaka mamia kabla ya soketi. Na hataza ambayo Marekani bado wanaikumbuka, ile aliyopewa Cornelius Swartwout wa Troy, New York, tarehe 24 Agosti 1869, ilikuwa ya chuma cha kuweka juu ya jiko. Chuma cha namna hiyo nimekitafuta Nakuru nzima, madukani wananitazama kama ninayeomba pasi ya makaa.

Sasa ile pembe ya kulia. Sahani za mashine yangu hazitoki, kwa hivyo huwezi kuziosha sinkini, unapangusa tu kwa kitambaa chenye unyevu zikishapoa. Baba watoto, katika kusaidia, alizisugua na waya wa sufuria. Miraba minne imechubuka rangi na hapo panashika kila mara hata nipake mafuta vipi. Pia ukimimina zaidi ya robo tatu ya kikombe kwa mkupuo, rojo linamwagika hadi kwenye bawaba, likaungue huko ambako hata mswaki wa zamani haufiki. Ningekuwa nanunua leo, ningeongeza pesa nipate ya sahani zinazochomoka. Na kama asubuhi zenu zote ni chai na mkate mbio mbio hadi steji, msinunue kabisa. Kwetu inatoka Jumamosi na Jumapili tu, na ni saa nzima ukihesabu na kuosha vyombo.

Mwezi wa nane mama mkwe alikuja kutoka Kakamega. Aliigeuza wafo mkononi, akauliza, "Mama, haya mandazi yamekanyagwa na trakta?" Akala tatu. Kesho yake aliamka kabla yangu, akatoa unga wa wimbi aliokuja nao, akasema theluthi ya unga iwe huo. Nilibisha kidogo, kisha nikanyamaza kama inavyopasa. Zilitoka za rangi ya kahawa, kali pembeni, na ladha ya wimbi inaelewana na asali kuliko ngano tupu. Ilibidi niongeze maziwa vijiko vitatu vikubwa, maana wimbi linakunywa.

Alipoondoka nilimfungia nne kwenye karatasi ya foili za kula njiani. Akauliza mashine ni pesa ngapi. Nilipomwambia alikaa kimya, halafu akasema hizo ni kuku wanne wa kienyeji. Lakini wiki jana alipiga simu, na baada ya kuuliza habari za watoto akataka kujua kama ile taa bado inadanganya.