Vikao vinane vya unasihi wa wanandoa jijini Dar es Salaam

Usiku mmoja mume wangu alinyoosha mkono kuzima swichi ya feni iliyo juu ya kitanda, nami nikajikunyata na kujifunika shuka usoni. Katika miaka 9 ya ndoa hajawahi kunipiga. Tukio hilo, juu ya miezi mingi ya kukwepana chumbani, ndilo lililotufikisha kwenye kituo ambacho sitakitaja jina kwa sababu nitakayoieleza.

Nilitarajia kuambiwa nivumilie, kama somo yangu alivyokuwa akiniambia. Mnasihi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, hakuanza na habari za unyumba. Aliniuliza ni nani aliyekuwa akirudi nyumbani jioni nilipokuwa na miaka 7, na nilikuwa nikijificha wapi. Nikajibu papo hapo: nyuma ya gunia la mkaa. Baba alikuwa mkali wa mkono. Akanieleza kwamba mwili wa mtoto wa namna hiyo hujizoeza kuitambua hatari kwa nyayo na vivuli, na kwamba mazoea hayo hayakomi siku ya harusi, ndiyo maana mtu mzima hukakamaa, au hufa ganzi kabisa, hata anapoguswa na mtu anayempenda. Aliposema kuwa katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania waliohojiwa walieleza kufanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, niliacha kujiona kituko.

Zoezi lenyewe lilikuwa dogo. Kwa wiki 3 tulitakiwa kuacha tendo la ndoa na kushikana mikono tu kila usiku, mume akitangulia kuomba ruhusa, nami nikiwa na haki ya kusema "subiri" bila yeye kununa. Njiani kurudi nyumbani mume alilalamika kwamba amelipa shilingi 60,000 ili ashike mkono wa mke wake mwenyewe. Alinuna mara mbili, lazima niseme, na mara zote mbili mnasihi alimbana yeye, si mimi.

Kilichonikera ni mapokezi. Siku ya kikao cha tatu dada wa pale aliita mbele ya watu sita, "Mama wa tatizo la chumbani, zamu yako!" Ukuta wa chumba cha mazungumzo nao ni wa mbao nyembamba, na tulisikia kilio cha mtu ambaye hakutuletea sisi siri yake. Mahali panapopokea majeraha ya namna hii, kasoro hiyo si ndogo, na nisingependa mtu anihusishe napo kwa jina.

Hata hivyo fedha yetu haikupotea, ingawa anayetaka nafuu katika vikao viwili atavunjika moyo. Siku hizi mume husema "nazima feni" kabla ya kunyoosha mkono. Sisi tulihamia zamu ya saa 2 asubuhi, kabla benchi la mapokezi halijajaa.