Meza ya kazi isiyoyumba kwa bei nafuu: ipi ujenge, ipi ununue, ipi uiache

Ukitaka kujua kama meza ya kazi inafaa, usianze na uso wake. Shika ukingo kwa mikono miwili, isukume kwa urefu wake kama mtu anayepiga randa, kisha ivute. Mzee aliyenifundisha kushika randa alikuwa akifanya hivyo kwa kila meza aliyoonyeshwa, kabla hata ya kuuliza bei. "Ikicheza leo, mwanangu," aliniambia, "mwakani itacheza zaidi." Tangu hapo nimejenga meza tatu na kuwasaidia wenzangu kununua nyingine kadhaa, na hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote.

Meza inayoyumba inakula nguvu zako. Unasukuma msumeno, meza inakwenda nao. Kipande kinatetemeka, mstari unapinda, na patasi ikiteleza ndipo damu inapotoka. Kwa hiyo nimepanga machaguo haya kwa swali moja tu: kwa pesa unayotoa, unapata utulivu kiasi gani? Urembo sijaupa alama. Anayetengeneza stuli, rafu na fremu za picha nyumbani, au anayerudishia kiti kilicholegea, anahitaji kitu kizito kisichosogea.

Ya kwanza: fremu ya mbao za 2x4 (inchi 2 kwa 4) na uso wa plaiwudi wa tabaka mbili

Hii uijenge mwenyewe. Kwa bei na kwa uimara, nyingine zote zinaifuata kwa mbali.

Uso unatoka kwenye shiti moja ya plaiwudi ya milimita 18. Shiti ya kawaida ina milimita 1220 kwa 2440. Mwombe muuzaji mwenye mashine akupasulie katikati kwa urefu, upate vipande viwili vya upana wa karibu sentimita 61. Vikate vyote viwili kwa urefu unaoutaka, kisha vibandike kimoja juu ya kingine, na sasa una uso wa milimita 36.

Gundi hapa ina kazi kubwa kuliko kushikilia. Unene wa ubao ukiongezeka mara mbili, ugumu wake dhidi ya kupinda unaongezeka mara nane. Lakini hesabu hiyo ni ya kitu kimoja. Vipande viwili vilivyolazwa pamoja bila gundi vinatelezeana vikielemewa, na unachopata ni ugumu mara mbili tu. Basi paka gundi ya mbao eneo lote, si madoa madoa, uitandaze kwa kipande cha plastiki chenye meno, kisha kaza skrubu za milimita 30 kutokea upande wa chini. Nasisitiza, kutokea chini. Ncha ya patasi ikigonga skrubu iliyojificha juu ya meza, asubuhi yako yote inaishia kwenye jiwe la kunolea.

Miguu ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, kwa sababu haihitaji fundi mkubwa. Kila mguu ni mbao mbili za 2x4 zilizobandikwa pamoja uso kwa uso. Ubao wa nje ni mzima kutoka sakafuni hadi juu. Wa ndani umekatwa vipande, na kati ya vipande umeacha mapengo ambamo mbao za mlalo zitaingia. Ubao wa mlalo unakaa ndani ya pengo lake, umekalia kipande kilicho chini yake, na uzito wote wa meza unashuka mbao juu ya mbao mpaka sakafuni. Skrubu haibebi kitu. Kazi yake ni kuzuia ubao usitoke. Hukuchonga tundu wala ulimi, umetumia msumeno na gundi.

Pale mbao ndefu za mlalo zinapokutana na miguu, tia bolti za milimita 10 zenye washa pana pande zote mbili. Mbao husinyaa zikiendelea kukauka, na kiungo kilichobana leo kitalegea baada ya miezi michache. Bolti unairudia kwa spana ukakaza. Skrubu iliyokwisha kutanua tundu lake, ukiizungusha inazunguka bure.

Kisha mgongo, ambao wengi wanausahau. Fremu ya pembe nne inaweza kulala upande hata kona zake zikiwa na skrubu kumi kila moja, kwa sababu hakuna kinachozizuia pembe zisibadilike. Funga kipande cha plaiwudi ya milimita 12 nyuma, kutoka mguu wa kulia hadi wa kushoto, skrubu moja kila sentimita 15 kuzunguka ukingo. Meza yangu ya kwanza nilihangaika nayo miezi minne, nikiongeza skrubu hapa, kabari pale. Nilipofunga mgongo, kazi ya nusu saa na skrubu kama thelathini, ile meza iliyokuwa ikisogea chumba kizima nikipiga randa ikasimama kama ukuta.

Kwa meza ya urefu wa sentimita 180, upana 61 na kimo 86, fremu inakula mita 16 hivi za 2x4. Nunua mbao 8 za mita 2.4, ziada itafidia ubao uliopasuka au wenye kifundo mahali pabaya. Ile plaiwudi iliyobaki ulipokata uso kwa sentimita 180 inatosha sehemu kubwa ya rafu ya chini. Ijaze rafu hiyo vitu vizito, makopo ya misumari, visanduku vya zana, hata ndoo ya mchanga iliyofunikwa. Uzito ulio karibu na sakafu unaituliza meza, na hauulipii.

Kimo usikichukue kwenye mchoro wa mtu mwingine. Simama wima na viatu vya kazi, mikono ikining'inia, umwambie mtu apime kutoka sakafuni hadi kwenye kifundo cha mkono wako. Kwa wengi ni kati ya sentimita 80 na 90. Hapo mabega yako yanaisukuma randa bila mgongo kuinama. Anayefanya kazi ndogo ndogo za karibu na macho, kama kuchonga nakshi, aongeze sentimita 10 au zaidi.

Ukiwa umeamua kujenga, nenda ukachague mbao mwenyewe, ubao mmoja mmoja. Inua ncha moja hadi usawa wa jicho, funga jicho la pili, utazame ukingo wote hadi mwisho. Uliopinda kidogo kwa urefu unaweza kukatwa ukatoa vipande vifupi vilivyonyooka. Uliosokoteka kama kamba urudishe, hauna dawa. Vifundo vidogo katikati ya ubao si tatizo. Kifundo kikubwa kilichokaa ukingoni ndipo ubao unapovunjikia. Ubao mzito kupita wenzake wa ukubwa ule ule, na wa baridi ukiugusa, bado una maji. Ukiununua, upange ndani ya nyumba wiki mbili tatu, ukiweka fito nyembamba kati ya ubao na ubao ili hewa ipite. Tena upime kabla ya kukata mapengo ya miguu: 2x4 iliyopigwa randa kiwandani kwa kawaida ina milimita 38 kwa 89, haifiki inchi 2 kwa 4 za jina lake.

Plaiwudi ikikosekana au bei ikiwa juu, MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, inakubalika kwa uso. Imenyooka kuliko plaiwudi nyingi na ni nzito, shiti ya milimita 18 inakaribia kilo 40, jambo ambalo hapa ni sifa. Adui yake ni maji. Kikombe kikimwagika kikaachwa usiku kucha, asubuhi utaona uvimbe usiorudi. Izibe kwa vanishi, kingo hasa. Chipibodi tupu mimi siiweki, skrubu zinang'oka upesi na kingo zinamomonyoka.

Ya pili: mlango mzito juu ya fremu ile ile

Mlango uliojaa ndani, wa zamani au wenye dosari ya kiwandani, ni uso wa meza ulio tayari: mita 2 hivi kwa sentimita 80, unene wa milimita 40 au zaidi, umenyooka, na mara nyingi unaupata kwa bei ndogo kuliko plaiwudi mpya. Ugonge kwa kifundo cha kidole sehemu tano sita. Ukilia kama ngoma ni mtupu, ndani kuna karatasi ngumu za vyumba vyumba kama sega la nyuki, na nyundo ya kwanza itautoboa. Ukilia kwa kishindo kizito, na ukiuinua peke yako mgongo ukalalamika, uchukue. Nimeuweka wa pili kwa sababu upana huo ni mkubwa kwa chumba kidogo, na kwa sababu kitasa huwa kimeacha tundu.

Ya tatu: fremu ya chuma ya kuchomelea

Kama kazi yako ni chuma, pikipiki au injini ndogo, isogeze hii iwe ya kwanza. Bomba la mraba la milimita 40 lenye ukuta wa milimita 2 linatoa fremu isiyocheza kabisa, na viungo vyake havilegei na majira. Kwa kazi ya mbao ina kasoro mbili: ni nyepesi kuliko inavyoonekana, na haikubali sakafu yenye mabonde, kwa hiyo agiza miguu yenye bolti za kurekebisha kimo. Gharama yake inategemea kama unajua kuchomelea mwenyewe au unamlipa fundi.

Ya nne: meza kuukuu

Meza za zamani za ofisi, jikoni na maabara, za mbao halisi, zinaweza kuwa bahati kubwa. Zisukume. Zikicheza, ziongezee mgongo na mbao za mlalo chini. Zikiwa fupi, ongeza miguu. Ila usilipie uzuri wa mbao utakayokuja kuipigilia misumari.

Ya tano: meza ya dukani ya kufunga mwenyewe

Hapa watu wengi wanapoteza pesa, na inaniuma, kwa sababu wengi wao ni wanaoanza. Kwenye boksi imeandikwa inabeba kilo 200 au 300, na mtu anaelewa kuwa ni imara. Namba hiyo ni ya mzigo uliotulia unaokandamiza kwenda chini. Haikuambii lolote kuhusu kusukumwa kwa ubavu, na randa na msumeno kazi yao ni kusukuma kwa ubavu. Tafuta namba nyingine, uzito wa meza yenyewe. Meza ya mita moja na nusu yenye kilo 20 itakusumbua hata iwe imeandikwa nini. Kama umeshainunua, usiitupe. Ifunge ukutani kwa vyuma vya pembe, uibandikie plaiwudi nene juu, utaifaidi.

Ya sita: meza ya kukunja

Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyebuni gari la Lotus Elan, alipata wazo la meza ya aina hii baada ya kukikata kwa msumeno kiti alichokuwa akikitumia kama meza ya kazi. Black & Decker ikaitoa kwa jina la Workmate mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni chombo cha akili: uso wake wenyewe unafungua na kubana kama jiliwa, kile chombo cha kubania kazi, na unaweka mguu kwenye kikanyagio cha chini ili uzito wako uwe uzito wa meza. Asiye na chumba cha kudumu aichukue bila kusita. Kama meza ya pili inafaa sana. Kwa kupiga randa ubao wa mita mbili haifai.

Ya mwisho: mbao za paleti

Paleti ni yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo. Mbao zake ni za bure, na ndiyo sababu zinavutia. Lakini ni nyembamba, zina misumari inayokula meno ya msumeno, na kuzibomoa bila kuzipasua ni kazi ya siku nzima. Ukizitumia, tafuta mhuri. HT maana yake mbao zilipashwa joto hadi nyuzi 56 za Selsiasi katikati yake kwa nusu saa, hizo chukua. MB maana yake zilifukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu, hizo acha. Zisizo na mhuri au zenye madoa ya kemikali usizilete ndani ya nyumba. Mimi ningezitumia kwa rafu ya chini tu.

Jiliwa, au vaisi kama wengi tunavyoliita, lisikuharakishe. Anza na kipande cha mbao cha unene wa milimita 12 kilichofungwa kwa skrubu juu ya uso, kwenye ncha unakoisukumia randa, ubao unaoupiga randa uegemee hapo, na klempu mbili nzuri. Baada ya miezi mitatu utajua unahitaji jiliwa upande gani. Nunua la seremala la inchi 7, lifungwe meno yake yakilingana na uso wa meza, uyavishe mbao ndani. Jiliwa la fundi chuma linauma mbao na kuacha alama.

Uso upake mafuta ya kitani, mara mbili, ukifuta yanayobaki juu. Vitambaa ulivyofutia usivikunje ukavitupa kwenye ndoo: mafuta haya yanapokauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kushika moto chenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka viwe vikavu na vigumu, au vizamishe ndani ya maji.

Wiki ya sita baada ya kujenga, chukua spana upite bolti zote. Nyingi zitakubali robo mzunguko. Kisha shika ukingo kwa mikono miwili, usukume.